Siku Niliyowasikiliza Wakwe kwa Simu

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo bila kujisifu, na wanaonijua Busia na Malaba watakuambia mimi si mtu wa kujisifu, isipokuwa pale ukweli unaponilazimisha. Nimeona lori la tani thelathini likilala ubavu na watu wakamaliza mafuta ya kupikia yote kabla dereva hajatoka dirishani. Nimeona jeneza likivushwa mpakani, watu wamevua kofia, mama mmoja analia vizuri kabisa, na ndani yake mlikuwa na trei za mayai. Nilianza maisha na baiskeli, kiti cha nyuma nimekishonea sponji, nikibeba watu kutoka geti la Kenya mpaka geti la Uganda, kabla pikipiki hazijatunyang'anya kazi na jina letu la bodaboda. Darasa la sita niliacha mimi, halikuniacha lenyewe. Leo nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, moja Malaba na jingine Busia, malori mawili, na nyumba mtaani Burumba, hapa Busia, ambayo fundi wa vioo alihesabu madirisha yake mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakujiamini.

Teknolojia nayo haikunikuta nimelala. Kati ya wafanyabiashara wa mtaa wetu mimi ndiye wa kwanza kumiliki simu ya mkononi, ile nzito ambayo ungempiga nayo mtu kichwani ungeshtakiwa. Mtandao wetu ulikuwa haujafika vizuri, kwa hivyo nilikuwa nasimama juu ya kichuguu nyuma ya soko nikinasa mnara wa Uganda, na watu wanakuja kunitazama nikiongea. Mpaka leo simu zetu za hapa hazijui ni za nchi gani. Nikiwa sebuleni kwangu niko Kenya. Nikienda chooni, hatua kumi na mbili, naletewa ujumbe wa kunikaribisha Uganda na kunitakia safari njema. Nikitoka, nakaribishwa nyumbani. Kwa hivyo mtu akinianzishia habari za siri na mitandao, mimi humwambia kuna kompyuta mbili za nchi mbili zinazojua tumbo langu linaendeleaje kuliko daktari wangu, na bado sijafa.

Kamera nilianza kuweka dukani Busia. Kila wiki mifuko mitatu minne ya simenti ilikuwa inapotea. Nilikuwa na wafanyakazi wawili na nikawashuku wote kwa usawa, kwa sababu napenda haki. Nikaleta fundi kutoka ng'ambo, Mganda mwenye ngazi yake mwenyewe, akanifungia kamera nne, na akaniwekea picha zake kwa simu. Nikawa nakaa Malaba, kule malori yamepanga foleni mpaka huoni mwisho, nakunywa chai na madereva huku naangalia Busia kiganjani. Nilionyesha kila dereva. Wengine walionyeshwa mara mbili. Baada ya wiki tatu mwizi akaonekana. Alikuja Jumamosi jioni na pikapu, akapakia mifuko minne, hakuandika popote, akaenda zake. Alikuwa na tumbo kama langu na kofia kama yangu. Nilikuwa najenga vyumba vya kupangisha wakati huo, na kwa mtu mwenye mambo mengi kichwani si ajabu kusahau kuandika. Niliwaita wale wafanyakazi nikawaambia, "Mmeona? Kamera inafanya kazi."

Basi nikaongeza za nyumbani. Moja getini, moja kwa banda la kuku, na moja sebuleni, kwa sababu televisheni yangu ni kubwa na watu wanaiangalia wakiwa barabarani. Ile ya sebuleni ilikuwa ndogo kama yai, na ilikuwa inaona na kusikia. Ilihitaji anwani ya barua pepe na paswadi. Binti yangu alikuwa likizo, akaiunganisha pamoja na zile nyingine kwa anwani yake, zote zikawa kwa simu yake na kwa simu yangu. Mambo ya kuandikaandika mimi huwaachia wenye vyeti.

Huyu binti ni wa pili. Anafanya kazi Eldoret, hospitali, upande wa mafaili ya wagonjwa. Mafaili yenyewe siku hizi yako kwa kompyuta, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba ugonjwa wako unabaki wako. Hata mimi baba yake nikimuuliza kama ni kweli mwanasiasa fulani alilazwa kule, ananiuliza kama nimekula.

Mke wangu hakupenda ile kamera. Aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cha mgongo wa sofa.

"Mama, umefunika macho ya nyumba," nikamwambia.

"Nyumba ilikuwa na macho yangu," akasema. "Mimi siwezi kula nikiangaliwa na yai."

Binti akamuunga mkono. Ilikuwa ule wakati vijana walikuwa wanaandamana mijini, wanaitana kwa simu, halafu tunasikia kwamba simu hizohizo ndizo zilikuwa zinaonyesha wamelala wapi. Kila mtu alikuwa na maoni. Mimi nilikuwa nayo zaidi.

"Mtu asiye na la kuficha anaogopa nini?" nikauliza. "Mimi niliongea na dereva habari ya tangi la maji, kesho yake simu ikaanza kunionyesha matangi. Nikanunua. Bei nzuri. Sasa nimepoteza nini hapo?"

"Sawa, Baba," binti akasema, ananyoosha mkono. "Wewe huna la kuficha. Nipe simu yako nisome meseji, hata tano tu."

Niliitia mfukoni mwa shati nikafunga kifungo. Nilikuwa nangojea simu ya biashara.

Mwaka jana akatuambia ana mtu. Kijana wa maabara katika hospitali hiyohiyo, Mteso, watu wa Chakol, wakulima wa muhogo na mtama na ng'ombe kiasi. Mimi ni Msamia na sina ubaguzi. Nimeuza mabati kwa kila kabila. Siku ikapangwa, Jumamosi, watu wa kijana waje nyumbani tuongee mahari. Jumapili iliyotangulia binti akanipigia.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Usiwafanyie biashara."

"Nani amesema biashara?"

"Nakujua. Hawa ni watu wapole. Huyu ndiye ninayemtaka, na siku hii ikiharibika, mimi sileti mwingine. Nitakaa hivyo. Umenisikia?"

Nilimsikia. Sauti yake haikuwa ya kutisha, ilikuwa ya mtu anayesoma faili. Nilimwahidi kabisa. Kisha Jumamosi, wageni wakiwa wanakaribia, nikaenda sebuleni nikatoa kitambaa, nikaichukua ile kamera nikaiweka kwenye rafu, katikati ya maua ya plastiki, ikitazama makochi.

Sikuona ubaya, na nitaeleza kwa nini. Mtu aliyelelewa na mpaka anajua kitu kimoja: bei haiko kwa mali, bei iko kichwani mwa mnunuzi, na anayejua mwenzake amefunga noti ngapi kwenye leso ameshamaliza kazi. Sasa, katika mazungumzo ya mahari huwa kuna mahali watu wanafika wanasimama, na upande mmoja unaomba nafasi wakanong'one pembeni. Kwa kawaida wageni ndio hutoka nje, wanasimama karibu na ua, wanarudi. Mimi niliamua wageni wangu wasisumbuke. Wangebaki kwenye makochi, na sisi wenyeji tungetoka. Ungeniona ungesema ni heshima.

Walikuja saba. Msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mrefu mwenye koti la kijivu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kulikuwa na shangazi ya kijana, mama mnene mwenye sauti ya chini. Kulikuwa na mjomba wake, Mjaluo wa Ugenya, na kwa sababu yake wote waliongea Kiswahili, jambo ambalo nililiona kama mkono wa Mungu. Wengine walikuwa wa kusindikiza, na kijana mwenyewe alikaa mwishoni kama mtu anayengojea sindano. Upande wangu tulikuwa mimi, kaka yangu mkubwa aliyetoka kijijini, na mke wangu. Binti alikuwa chumbani na shangazi zake, kama inavyotakiwa, mpaka aitwe.

Niliwakaribisha, nikawaeleza kidogo habari ya nyumba. Tukaanza. Nikataja ng'ombe kumi na wanane. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema nane. Nikacheka kwa adabu. Akasema, "Mzee, tupe nafasi tutoke kidogo tushauriane."

"Mtoke kwenda wapi, mwalimu? Jua lote hili? Kaeni hapo hapo. Hayo makochi yanatoka Kampala. Sisi ndio tutatoka."

Mke wangu aliniangalia. Hajawahi kuniona nikitoka kwenye kiti changu kwa ajili ya mtu. Akaenda jikoni kuangalia nyama.

Mimi na kaka yangu tukaingia kwenye kichwa cha lori lililokuwa limeegeshwa uani, nikapandisha vioo vyote, nikatoa simu. Ikafunguka vizuri. Wote saba walikuwa kiganjani, wadogo kama maharagwe kwenye sahani.

"Hiyo ni redio?" kaka akauliza. "Hawa watu wanaongea kama wale wageni."

"Nyamaza, usikilize."

Mjomba ndiye alianza. "Huyu mzee ametuambia bei ya makochi mara tatu. Mimi nilidhani tumekuja kununua makochi."

Wakacheka. Nikavumilia. Biashara ina matusi yake.

Mwalimu akasema, "Tulipanga kumi na wawili. Akikataa kabisa, mwisho wetu ni wangapi?"

"Kumi na wanne, na hapo tumebaki na maksai wa kulima tu," mmoja akasema.

Halafu shangazi akaongea, polepole, mpaka nikaisogeza simu sikioni. "Wekeni na yule wangu wa maziwa. Wawe kumi na watano. Nilipolazwa Eldoret wiki mbili, nani alikuwa ananiletea uji kabla ya kazi na baada ya kazi? Huyu msichana. Hata hakuniambia anatoka na mtoto wetu, nilikuja kujua baadaye. Mimi siwezi kurudi nyumbani nimemwacha kwa sababu ya ng'ombe mmoja."

Nataka nieleze vizuri nilichosikia moyoni, kwa sababu kilikuwa vitu viwili na vilikuja pamoja. Kwanza, kifua kilinijaa: huyo ni binti yangu, damu yangu, aliyekuwa anabeba uji. Pili, nikaandika kumi na tano kwenye kiganja kwa kalamu.

Sasa kuna jambo ambalo fundi alinieleza na sikulitilia maanani. Mtu yeyote akipita mbele ya ile kamera, simu inapiga kengele. Ya kwangu nilikuwa nimeizima sauti, kwa maana kuku walikuwa wananisumbua. Binti hakuwa ameizima ya kwake. Huko chumbani, katikati ya shangazi wanaomsuka, simu yake ikalia, akaifungua, akawaona wakwe zake.

Nilimwona akiingia kwenye kioo cha simu yangu kutoka upande wa kushoto, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Akapiga goti kidogo kuwasalimu. Wakashangaa, maana alikuwa bado hajaitwa.

"Wazee wangu, samahani," akasema. "Hiki kitu hapa katikati ya maua ni kamera. Inasikia. Nafikiri baba yangu yuko ndani ya lori pale nje, na amewasikia tangu mwanzo."

Shangazi akajifunika mdomo kwa leso. Binti akaja mbele mpaka uso wake ukajaa simu yangu yote, akaniangalia. Nimeangaliwa na polisi wa nchi mbili na watu wa ushuru. Sijawahi kuangaliwa hivyo.

"Baba, toka."

Kisha akaigeuza kamera ikatazama ukuta. Nilibaki nimeshika picha ya ukuta wangu, na nikaona ulikuwa na ufa ambao sikuwa naujua.

"Kumbe si redio," kaka yangu akasema.

Kutoka lorini mpaka mlangoni ni hatua kama ishirini, na nilitembea kama naenda Tororo kwa miguu. Wageni walikuwa wamesimama. Wanaume wameshika kofia, shangazi ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Kijana alikuwa anaangalia viatu. Binti alikuwa amesimama kando ya rafu, na sikuhitaji kusoma sana kujua uso wake unasema nini. Ilikuwa ndiyo ile siku aliyoniomba isiharibike.

"Ni ya usalama," nikasema.

"Usalama wa nani?" mjomba akauliza. "Sisi tulikuwa tumekuja kuiba maua?"

Wengine wakaanza kuelekea mlangoni. Mwalimu ndiye aliyewazuia. Alirudi akakaa, akakunja miguu yake mirefu.

"Nimefundisha miaka thelathini na moja," akasema. "Mtoto alipoiba jibu kwa mwenzake, mimi sikumpiga. Nilichukua karatasi yake nikampa yule mwenzake naye aangalie, halafu mtihani ukaendelea. Mzee, wewe umetusikia tukishauriana. Tupe hiyo simu. Sisi tutakaa kwa lori, nyinyi mtashauriana hapa. Tukisharidhika tutarudi."

"Simu?" nikasema.

"Hiyo uliyoshika."

Hiyo simu sijawahi kumpa mtu. Mke wangu akitaka tochi, mimi namulika, yeye anatembea. Na ilikuwa imefunguliwa, paswadi imeshaingizwa. Niliifikiria yote kwa haraka: kuna meseji za wakala wa shamba la Malaba ambalo nyumbani bado hawajaambiwa, nangojea wakati mzuri; kuna dereva wangu aliyenitukana kwa meseji ya sauti dakika mbili nzima na sikuwahi kumjibu; kuna picha yangu nimejaribu suti ya rangi ya maziwa nikaona hainipendezi. Hakuna dhambi humo. Lakini nilipoiweka kwenye mkono wa mwalimu, naye akashusha miwani puani kuitazama, nilijisikia kama mtu aliyeitwa na daktari atoe nguo akiwa sokoni.

Wazee watatu wakaingia lorini, yaani mwalimu, shangazi na mjomba. Wale wengine wakasimama nje kwenye kivuli chake. Binti akaigeuza kamera ikatuangalia. Mke wangu akaitwa kutoka jikoni, akaambiwa kila kitu, akaketi huku anapangusa mikono.

Nikajua shida ya kuongea ukisikika. Nilifungua mdomo nikaufunga. Kaka yangu aliangalia lile yai kana kwamba lingeanguliwa.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "unanyamaza? Wewe?"

"Tuseme kumi na wawili, tumalize," nikanong'ona.

"Ongea kwa sauti, wageni wasisumbuke. Haya, nianze mimi. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe wangapi?"

"Mama, si sasa."

"Wangapi?"

Kaka yangu, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kujibu swali aliloulizwa mwingine, akasema akiangalia sakafu, "Wanane."

"Walifika wangapi kwetu?"

"Wawili."

"Na mmoja alikuwa na jicho moja," mke wangu akasema. "Miaka ishirini na saba. Nimekaa na nyumba ya madirisha, na mama yangu kule anaulizwa na majirani kama binti yake aliolewa ama aliazimwa."

Hapa lazima nieleze kwa asiyejua. Kwetu, ng'ombe wa binti hawaingii kwenye boma ambalo ng'ombe wa mama yake hawajatoka. Ni makosa kwa wazee na ni mkosi kwa watoto watakaozaliwa. Na siwezi kusema sikulijua, kwa maana nimekaa kwenye mazungumzo ya mahari ya watu wengine nikawauliza swali hilohilo, tena kwa sauti kubwa. Nilidhani tu kwamba jambo likikaa miaka mingi linajilipa lenyewe.

"Si nilimpa kaka yako simenti?" nikasema. "Alipokuwa anajenga. Mifuko kumi! Na mabati! Mimi niliandika kama ng'ombe."

Vioo vya lori vilikuwa vimepandishwa, lakini kicheko tulikisikia. Halafu honi ikalia, ndefu. Baadaye tuliambiwa ni kiwiko cha mjomba.

Walirudi wakifuta macho, isipokuwa mwalimu, ambaye alinirudishia simu kwa mikono miwili kama cheti. Sikuthubutu kumuuliza amesoma nini.

"Mzee," akasema, "simenti haizai."

"Ni kweli, mwalimu."

"Sisi tutatoa kumi na wawili, kama tulivyopanga kabla ya kusikilizwa. Ng'ombe wa maziwa wa mama huyu atabaki kwake. Hatuna ugomvi na wewe, na huyu msichana tunamtaka hata zaidi ya asubuhi. Lakini hatuleti hata kwato moja hapa mpaka wale sita wafike kwa wakwe zako. Na mpaka hapo harusi haina tarehe."

Nikakubali kwa kichwa. Wageni wakala, maana chakula hakina kosa, na mjomba akanikaribisha niketi kwenye kochi langu mwenyewe. Kijana alinipa mkono wakati wa kuondoka na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Binti alirudi Eldoret kesho yake. Kabla hajapanda gari aliniambia tu, "Baba, nilikuomba kitu kimoja." Nilimpigia Jumatatu, hakushika. Jumanne nikataka kuangalia duka la Busia nikiwa Malaba, simu ikaandika paswadi si sahihi. Alikuwa amebadilisha. Kamera zote, duka, geti, hata kuku. Mimi ndiye nilizinunua na mimi ndiye nilikuwa sioni kitu. Madereva wakaniuliza, "Boss, leo hutuonyeshi Busia?" Nikawaambia mtandao ni mbaya. Niligundua pia kwamba kwenye kikundi cha familia cha simu watu wanaandikiana sana, ila nikiandika mimi kinakuwa kimya kama kanisa la Jumatano. Mtu anaweza kujulikana na serikali mbili na kampuni zote za matangi ya maji na bado asijue mtoto wake amekula nini.

Nilikaa hivyo siku tisa. Siku ya kumi nilienda mnadani nikachagua ng'ombe sita mwenyewe. Sikutuma mtu. Niliwaangalia meno, kwato, na kila mmoja nikamwangalia macho yote mawili, muuzaji mpaka akakasirika. Tukawapakia kwenye lori, mke wangu akapanda mbele na blanketi la kumpelekea mama yake mapajani, tukaenda. Pale Bumala tulisimama kupoza injini na vijana wa boda wakaja kuchungulia.

"Mzee, hawa ni wa kuuza?"

"Si wa kuuza," mke wangu akajibu kabla yangu. "Ni mimi naolewa."

Walicheka wakafikiri ni utani.

Kwa wakwe hatukuzidi saa mbili. Shemeji zangu waliwahesabu ng'ombe mmoja mmoja, kwa sauti, majirani wote wakiwa kwenye ua. Mama mkwe, kulingana na heshima yetu, hawezi kukaa mbele yangu, kwa hivyo aliongea akiwa ndani ya jikoni na mimi nikiwa nje nimegeuza mgongo.

"Mwambieni mkwe wangu amefanya vizuri," akasema. "Mwambieni tulikuwa tumejua ng'ombe wako njiani, ila hatukujua wanatoka Misri."

Mke wangu aliwapiga picha wakiingia zizini akazituma kwenye kile kikundi. Tulikuwa bado hatujafika barabara ya lami, simu yangu ikalia. Nikasimamisha lori.

"Baba," binti akasema.

"Naam."

"Nimeona picha. Wote wana macho mawili?"

"Kumi na mawili. Nimehesabu."

Nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha puani alichokuwa nacho akiwa mdogo. Akasema watu wa Chakol wataleta wao mwezi ujao na harusi itakuwa Disemba. Nikamuuliza, nikijifanya si muhimu, kama ataniambia zile paswadi mpya. Akasema ya duka atanitumia leo. Ya sebuleni, hapana.

Sikubishana. Jioni hiyo niliketi nikajumlisha ng'ombe, mafuta ya lori, kibali cha kusafirisha mifugo, blanketi, na bei ya ile kamera ndogo kama yai. Kuwasikiliza wageni wangu kwa muda usiozidi dakika saba kulinigharimu shilingi laki mbili, elfu sitini na saba, mia tatu na hamsini.